Masanga: Gitaa Moja Lililosikika Kama Mawili

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliingia Jadotville, mji wa viwanda wa Katanga, kusini mwa Kongo, ulio njiani kati ya Élisabethville na Kolwezi, akiwa na gari lililopakia mashine ya kurekodi, jenereta na waya mrefu. Jenereta lilikuwa na makelele, kwa hiyo lilibidi liwekwe mbali, umeme uvutwe kwa waya mpaka alipo mwanamuziki. Tracey hakupenda kuisimamisha maikrofoni mahali pamoja. Aliishika mkononi, akaisogeza mwenyewe, mara kwenye mdomo wa mwimbaji, mara kwenye nyuzi. Ndivyo alivyomrekodi kijana aliyemkuta akipiga gitaa mtaani, mwenye umri wa miaka kama 22, aliyeitwa Mwenda Jean Bosco.

Katika rekodi zilizotokana na siku hizo, mbili ndizo zilizovuma: “Masanga” na “Bombalaka”. Msikilizaji asiyeambiwa kitu akiisikia “Masanga” huapa kwamba wapigaji ni wawili. Chini kuna besi inayotembea kwa utulivu, hatua kwa hatua, na juu yake nyuzi nyembamba zinakimbia, zinakatiza, zinajibu. Wakati mwingine sauti ya juu inachelewa kidogo makusudi, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema. Lakini mpigaji ni mmoja. Ukanda wa shaba ulikuwa na desturi ya kupiga magitaa mawilimawili, na Mwenda alikuwa ameibeba desturi hiyo yote kwa mikono yake miwili. Mashine ikamnasa peke yake, na tangu hapo dunia ikamjua peke yake.

Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ambayo leo iko katika Wilaya ya Lubudi, mkoa wa Lualaba. Bunkeya haikuwa kijiji cha kawaida. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa makao makuu ya Msiri, mfalme wa Wayeke. Baba yake Msiri, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo, aliyevuka kufuata shaba. Mwanawe hakurudi. Alioa, akafanya mapatano, akapigana, akajenga dola iliyouza shaba, pembe na watumwa kwa pande zote mbili: magharibi hadi Benguela kwenye Atlantiki, mashariki hadi Zanzibar.

Shaba yenyewe ilikuwa ya kale kuliko Wayeke. Wasanga, wenyeji wa nchi inayoizunguka Kolwezi, walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani ya malakiti na kuyamimina kuwa misalaba midogo iliyotumika kama fedha katika masoko ya mbali. Msiri aliikuta kazi hiyo, akaitawala.

Utawala wake uliisha tarehe 20 Desemba 1891. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulifika Bunkeya na wapagazi na askari walioajiriwa Zanzibar. Majadiliano yaligeuka ugomvi, Kapteni Bodson akampiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa risasi na kufa kwa majeraha. Kwa hiyo wakati mkoloni anaingia Katanga, Kiswahili kiliingia naye kwa miguu ya watu wa pwani, kikakikuta Kiswahili kingine kilichokwisha kufika na biashara. Miaka 39 baadaye, katika mji huohuo, akazaliwa mtoto wa ukoo wa Wayeke mwenye jina la Mwenda. Jina hilo lilikuwa la Msiri mwenyewe, na watemi waliomfuata wameendelea kulibeba.

Kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1931 njia ya kwenda Atlantiki kupitia Tenke na Dilolo ikaunganishwa na reli ya Benguela. Kolwezi ilikua juu ya njia hiyo. Ulikuwa mji wa kampuni toka msingi, uliopimwa na kugawanywa kwa ajili ya migodi ya magharibi kama Ruwe, Musonoi na Kamoto. Jadotville nayo ilikuwa na mitambo ya Panda na Shituru, na karibu yake palikuwa na Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ya Wamarekani.

Katika miaka ya mwanzo kampuni iliajiri vijana kwa mikataba mifupi, wakaja na kuondoka, wengi wakafa kwa magonjwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: ikawataka wafanyakazi wakae, waje na wake zao, wazae watoto humohumo kambini. Wakaja Waluba wa Kasai na wa Katanga, Walunda, Wabemba wa ng’ambo ya mpaka, hata watu wa Ruanda. Nyumba zilipangwa kwa safu, posho ikapimwa, shule ikawa ya mapadri, na king’ora kikawaamsha wote kwa pamoja. Utulivu huo ulikuwa na kikomo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville walipogoma wakidai mshahara, askari waliwafyatulia risasi.

Watu wa makabila hayo yote walizungumza Kiswahili. Sicho cha Mombasa wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha kambi, chenye maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa, kilichofaa kazini, sokoni na kwenye mapenzi. Nyimbo za Katanga ziliimbwa kwa lugha hiyo, na ndiyo sababu santuri ya Jadotville iliweza kueleweka Nairobi na Tabora bila mkalimani. Mtunzi aliyeimba kwa lugha ya kwao aliimbia jamaa zake. Aliyeimba kwa Kiswahili aliimbia kambi nzima, na nyuma ya kambi nchi kadhaa.

Gitaa liliingia kupitia njia za kazi, likaletwa na makarani na mafundi kutoka pwani ya Atlantiki, na pia wachimbaji waliorudi kutoka Rhodesia na Afrika Kusini. Lilikuwa chombo cha mtu mwenye mshahara, lakini si lazima mshahara mkubwa. Likaangukia katika mikono iliyokwisha kufundishwa na chombo kingine. Likembe, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma, hupigwa kwa vidole gumba viwili, kila kimoja kikiwa na njia yake, na wimbo hupatikana pale njia hizo zinapopishana. Mtu aliyekua akisikia likembe hakuona ajabu kugawa gitaa pande mbili: kidole gumba kikalinda nyuzi nene, kidole cha shahada kikacheza juu.

Kulikuwa pia na mambo ya kusikia. Gramafoni zilileta santuri za Cuba, hasa za vikundi kama Trio Matamoros. Sinema zilileta wachunga ng’ombe wa Kimarekani wenye magitaa. Kutoka kusini zikaja jaivu za Afrika Kusini. Mwenda alisikiliza vyote hivyo, na hakuficha kwamba alisikiliza.

Wawili wawili

Jioni za kambi, gitaa halikupigwa peke yake mara nyingi. Palikuwa na gitaa la pili, au palikuwa na mtu aliyegonga chupa tupu kwa msumari au kisu, akilinda mapigo. Chupa ilikuwa ngoma ya watu wasiotaka kelele za ngoma ndani ya nyumba za safu, na sauti yake ilipenya pasipo kuufunika wimbo.

Magitaa mawili yaligawana kazi. Moja lilishika mzunguko mfupi, likaurudia bila kuchoka. La pili lilipanda juu, likatunga, likajibu maneno ya mwimbaji, likarudi. Mpigaji wa pili ndiye aliyesifiwa, lakini wa kwanza ndiye aliyemruhusu kuwa huru, kwa sababu bila mzunguko ule kushikwa imara, safari za juu hugeuka kupotea. Mara nyingi wapigaji hao wawili walikuwa ndugu, marafiki wa shule au watu wa zamu moja, waliokwisha kuzoeana kiasi cha kujua mwenzake atageuka wapi.

Tracey aliirekodi desturi hiyo pia. Katika mkusanyiko wake wa Katanga ya miaka ya 1950 wamo Ilunga Patrice na Misomba Victor, waliopiga “Mama na Mwana”, na wamo Ngoi Nono na Kabongo Anastase. Umo pia wimbo uitwao “Antoinette wa Kolwezi”, jina linalotosha kumwambia msikilizaji jinsi nyimbo hizi zilivyokuwa karibu na mitaa yao: mwanamke anatajwa kwa jina la Kifaransa alilobatizwa na kwa mji wa mgodi anakoishi, kana kwamba kila anayesikiliza anamfahamu.

Ukisikiliza rekodi za wawili hawa na wale baada ya kuisikiliza “Masanga”, jambo moja linajitokeza. Ufundi wa Mwenda haukuzuka hewani. Yale ambayo Ilunga na Misomba waliyagawana, yeye aliyaweka pamoja. Mzunguko wa gitaa la kwanza ukaenda kwenye kidole gumba chake. Uhuru wa gitaa la pili ukaenda kwenye kidole cha shahada. Hata chupa haikuachwa nje kabisa, kwani namna alivyokata nyuzi iliacha mgongo mkavu unaosikika kama mtu anayegonga kando.

David Rycroft, mwalimu wa lugha na muziki wa Kiafrika huko London, alikaa na santuri hizo akaziandika kwa nota. Uchambuzi wake ulitoka katika jarida la African Music kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962. Ulikuwa kati ya mara za kwanza kwa mpigaji gitaa wa mjini Afrika kuchambuliwa noti kwa noti, kama wanavyochambuliwa watunzi wa Ulaya. Kilichomshughulisha Rycroft ni jinsi Mwenda alivyobadilisha: hakuna mzunguko uliorudi ulivyokuwa. Besi inabaki nyumbani, lakini msisitizo wa sauti ya juu unahama, mara ukiangukia pale pigo linapotarajiwa, mara ukiangukia pembeni yake, hata sikio likashindwa kuamua ni njia ipi iliyo kuu.

Jambo kama hilo lilitokea ng’ambo ya bahari katika piano. Art Tatum, kijana wa Toledo, Ohio, aliyekuwa karibu kipofu, alianza kusikika kwenye santuri mwaka 1932 akiwa mmoja wa wapiga piano wawili waliomsindikiza mwimbaji Adelaide Hall. Mwaka uliofuata akarekodi peke yake huko New York vipande kama “Tiger Rag”, na waliosikia wakaamini kuwa kuna zaidi ya piano moja chumbani. Tatum na Mwenda wanafanana katika hilo: kila mmoja alipiga kana kwamba mwenzake amekwisha kuhamia ndani ya mikono yake. Tofauti ni kwamba New York ilikuwa na studio, mawakala na magazeti yaliyomsubiri. Jadotville ilikuwa na gari la Tracey, nalo lilikuwa likipita tu.

Santuri inasafiri

Tracey alikuwa Mwingereza aliyefika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, akaupenda muziki wa Washona, na baadaye akapata msaada wa kampuni ya Gallo ya Johannesburg ili azunguke na kurekodi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo mpaka leo inahifadhi kanda hizo Afrika Kusini. Alikuwa na mashaka na muziki wa mjini, ambao mara nyingi aliuona kama uigaji. Kwa hiyo kule kuvutwa kwake na Mwenda kuna uzito. African Music Society, chama alichosaidia kukiunda, kikaitunuku “Masanga” tuzo yake iitwayo Osborn.

Gallo ikazitoa rekodi hizo kwa chapa ya Gallotone, santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ukibeba muziki wa dakika tatu hivi. Kipimo hicho kiliubadili muziki. Kambini wimbo uliweza kuendelea mpaka watu wachoke. Kwenye santuri ulibidi uwe na mwanzo, kilele na mwisho kabla sindano haijafika katikati. Mwenda alikuwa hodari wa kipimo hicho. Alirudi kurekodi tena na tena katika miaka ya 1950, na nyimbo zake zilizotoka zikawa nyingi mno.

Santuri zilivuka mpaka kwa mabegi ya wachimbaji na kwa mawimbi ya redio. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Kiafrika, na tangu mwaka 1949 redio ndogo ya betri iliyouzwa kwa bei nafuu, iliyofanana na sufuria, iliwafikisha wasikilizaji hata vijijini. Katika kituo hicho alifanya kazi Alick Nkhata, mwimbaji aliyewahi kusafiri na Tracey katika kurekodi. Watu wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland wakajifunza gitaa la Katanga kwa kuweka sindano mwanzo, kusikiliza, kuinua, kurudia.

Kuhusu fedha, kawaida ya biashara ya santuri Afrika wakati huo ilikuwa moja: mwanamuziki alilipwa mara moja, akatia saini, akaenda zake. Wimbo ukiuzwa nchi kumi, ulikuwa wa kampuni katika nchi zote kumi. Shaba nayo ilikuwa ikiondoka Jadotville kwa njia hiyohiyo, vipande safi vikipanda reli kwenda kutajirisha wengine, na watu wa kambi waliliona fungamano hilo bila kufundishwa na mtu.

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 muziki wa Katanga ulihamia Nairobi ukiwa na watu wake. Aliyeuleta hasa ni Peter Colmore, Mwingereza mfanyabiashara wa matangazo na burudani, ambaye mshirika wake mkubwa upande wa Tanganyika alikuwa Ally Sykes wa Dar es Salaam, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Colmore alikuwa na sikio na alikuwa na biashara. Alijua kuwa bidhaa inayosindikizwa na gitaa zuri na Kiswahili chepesi inauzika kutoka Kampala mpaka Mtwara.

Edouard Masengo, binamu yake Mwenda na mpigaji aliyekuwa na sauti laini kuliko yake, ndiye aliyezama zaidi katika ulimwengu huo. Alikuwa amepitia JECOKE, kikundi cha vijana wachekeshaji na wanamuziki cha mtaa wa Kenia huko Élisabethville, kwa hiyo alijua kusimama mbele ya watu, kuvaa, kucheka na kuchekesha. Nairobi akaimba matangazo ya Coca-Cola, akakaa miaka, akawa mtu wa Afrika Mashariki. Mwenda alikuja kwa muda mfupi zaidi, akapata kipindi chake redioni, akaacha athari kubwa kuliko muda wenyewe.

Kenya ilikuwa tayari na wapigaji wake. Magharibi ya nchi, watu kama George Mukabi walikuwa wakijenga mtindo wa omutibo, gitaa la vidole na chupa ya soda inayogongwa, wenye mizizi katika nyimbo za Waluhya. Wengine walikuwa wakipiga kwa namna za Fundi Konde wa pwani. Sauti ya Katanga haikufuta hayo. Iliwapa vijana kipimo kipya cha ugumu. Aliyeweza kuipiga “Masanga” bila kujikwaa alihesabiwa kuwa amehitimu, na wengi walitumia miaka wakijaribu kujua mkono mmoja unafanyaje kazi ya wawili. Wengine walitatua fumbo hilo kwa njia ya kale kabisa: wakaita rafiki mwenye gitaa la pili.

Binamu hawa wawili walitoka nyumba moja ya muziki wakaenda njia tofauti. Masengo alikuwa mwimbaji aliyepiga gitaa. Nyimbo zake zilikumbukwa kwa maneno na mvuto. Mwenda alikuwa gitaa lililoimba, na maneno yake, hata yalipokuwa na hekima kama katika “Tajiri na Mali Yake”, yaliketi juu ya nyuzi kama abiria. Ndiyo maana wageni wasiojua Kiswahili walimkumbuka zaidi Mwenda, na Waswahili wengi wa rika lile walimpenda zaidi Masengo.

Kelele

Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga, akiwa na fedha za Union Minière nyuma yake na Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, kama waziri wa mambo ya ndani. Vita na Umoja wa Mataifa viliishia Kolwezi. Huko ndiko Tshombe alikokimbilia, na Januari 1963 huko ndiko alikokubali kushindwa, migodi na mabwawa ya umeme ya mto Lualaba yakiwa yametegwa mabomu ambayo hatimaye hayakulipuliwa.

Muziki nao ulihama katika miaka hiyo. Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilikuwa na magitaa ya umeme, saksafoni, studio na vilabu. Franco na Tabu Ley waliimba kwa Kilingala, na Kilingala kikawa lugha ya dansi ya nchi nzima, ikisukumwa na redio ya taifa na baadaye na dola ya Rais Mobutu. Gitaa kavu la vidole likaonekana la kizee. Lakini anayesikiliza kwa makini bendi za Kinshasa atakuta desturi ileile ikiwa imepanuliwa: gitaa la mzunguko, gitaa la kati, gitaa la juu, kila moja likiacha nafasi kwa mwenzake. Kile ambacho wawili walifanya kambini kwa nyuzi kavu, bendi ikakifanya kwa watu kumi na spika.

Mwenda hakutoweka. Mwaka 1969 alialikwa Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la muziki wa kiasili. Nyumbani mambo yalibadilika majina: Jadotville ikawa Likasi mwaka 1966, Union Minière ikataifishwa na mwishowe ikawa Gécamines, Katanga ikawa Shaba mwaka 1971. Mobutu alipoamuru watu waache majina ya Kikristo, Mwenda Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Kwa wengi jina jipya lilikuwa la kulazimishwa. Kwake lilimrudisha Bunkeya.

Mei 1978 Kolwezi ilirudi kwenye vichwa vya habari vya dunia. Waasi wa FNLC walivuka kutoka Angola na kuuteka mji tarehe 13, mamia ya watu wakauawa, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kuruka juu yake. Mji uliotajwa pamoja na Antoinette katika wimbo ukajulikana kwa picha za maiti. Wataalamu wa kigeni wakaondoka, na migodi haikupata tena utulivu iliokuwa nao.

Waliorudi kuuliza

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza John Low, mpiga gitaa aliyelijua gitaa la Katanga kupitia Kenya, alisafiri hadi Lubumbashi, yaani Élisabethville ya zamani, kuwatafuta wenye santuri zile. Aliwakuta: Mwenda, Masengo, Losta Abelo. Kitabu chake, *Shaba Diary*, kilichotoka mwaka 1982, ni cha mwanafunzi aliyeketi mbele ya walimu wake kuliko cha mtaalamu anayepima vitu. Ndani yake wapigaji hawa ni wanaume wa makamo wenye familia, kazi na madeni, ambao mikono yao bado inakumbuka. Mwaka huohuo wa 1982 Mwenda alipiga Ujerumani, mwenyeji wake akiwa Gerhard Kubik, msomi wa Austria aliyekuwa amefuatilia gitaa la vidole Afrika ya Kati kwa miaka. Elijah Wald, mpiga gitaa wa Kimarekani, naye alikuja Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo. Mwaka 1988 huko Cape Town Mwenda alirekodi albamu, na wasikilizaji wa diski wakapata kumsikia bila mikwaruzo ya sindano.

Wageni hawa walikuja kwa heshima, na bila wao tungekuwa na kumbukumbu chache. Hata hivyo walikuja kumtafuta aliyetajwa kwenye lebo. Santuri ilikuwa imechagua kwa niaba yao. Ilunga Patrice na Misomba Victor, Ngoi Nono na Kabongo Anastase, wamebaki majina mawilimawili kwenye orodha, bila picha wala safari ya Newport.

Septemba 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari. Mwezi huohuo sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, ilibomoka, na Gécamines, iliyokuwa imekwisha kudhoofika, haikuinuka tena kwa miaka mingi. Masengo aliishi mpaka mwaka 2003. Tangu mwaka 2015 Bunkeya na Kolwezi ziko katika mkoa mmoja wa Lualaba, na dunia inaujua mkoa huo kwa kobalti ya betri za magari na simu.

Leo “Masanga” hupigwa Tokyo, Paris na Boston na wanafunzi wa gitaa waliojifunza kwa nota na kanda. Karibu wote huipiga kama mtihani wa mtu mmoja, na kama mtihani ni haki yao kujivunia kuushinda. Lakini mwenye kuifundisha kambini angeanza kwingine. Angewaweka wanafunzi wawili kwenye benchi moja, mmoja ashike mzunguko mpaka asiufikirie tena, mwingine ajifunze kusubiri, kisha wabadilishane. Baada ya hapo ndipo mmoja wao angepewa ruhusa ya kujaribu peke yake. Huo ndio mpangilio uliomzaa Mwenda wa Bayeke, na anayetaka kuandika historia ya gitaa la Katanga hana budi kuufuata: aanze na wale wawili wawili wa Kolwezi na Jadotville, ndipo afike kwa aliyeweza kuwa wawili peke yake.